Kabla Jengo Halijapanda Kitonga

Wanaouza majengo yanayoundwa kiwandani wana hoja moja nzito, nayo ni muda. Msingi unamwagwa Sumbawanga huku kuta, paa, nyaya na mabomba vikiunganishwa kiwandani, Dar es Salaam au ng'ambo. Lori likifika, kreni inashusha vyumba vilivyokwisha kupakwa rangi, na baada ya siku chache mwenye jengo anakabidhiwa funguo. Aliyeshuhudia mwishoni mwa 2021 jinsi halmashauri zilivyokimbizana na tarehe ili kumaliza madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19, kila darasa shilingi milioni 20, hatashangaa kwa nini hoja hiyo inasikilizwa. Nchi nzima ilikuwa ikitafuta saruji, nondo na mafundi kwa wakati mmoja.

Huku Ufipa, nyanda za mkoa wetu wa Rukwa, tunayo hoja yetu ya ziada. Chanji, kama mitaa mingi ya Sumbawanga, imejengwa kwa matofali ya kuchoma. Ni tofali zuri, linashika joto la mchana na kulitoa usiku, lakini kila tanuri linameza kuni, na nyanda zetu ni nchi ya nyasi na upepo yenye miti michache. Kila darasa tunalojenga bila kuwasha tanuri ni miti iliyobaki imesimama.

Kwa hiyo mimi ni mtetezi wa majengo haya. Ninachokipinga ni namna tunavyojiandaa kuyapokea. Jengo la kiwandani linanunuliwa kama kabati: mnunuzi anauliza ukubwa, bei na siku ya kufika. Mambo yatakayoamua kama litadumu Rukwa miaka 30 hayaulizwi: namna kipande kimoja kinavyoshikana na kingine, namna vyote vinavyoshikana na ardhi, na njia wanazopita maji, umeme, hewa na moto. Jengo la tofali husamehe uzembe huo, kwa sababu fundi atatoboa, ataziba, ataongeza nguzo wiki ya tatu. La kiwandani halisamehi. Uamuzi wake umefungwa kabla lori halijapanda Mlima Kitonga, na kama Ufipa haikuwamo kwenye mchoro, haitaingia baadaye.

Mkoa huu hauna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Meli ya Liemba, iliyohudumia bandari zetu za Kasanga na Kipili kwa vizazi, iliundwa mwaka 1913 na kampuni ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen. Waliiunganisha kwanza kwa bolti palepale kiwandani, wakaifungua, wakaipakia katika masanduku yapatayo 5,000, wakaipeleka Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Kigoma vipande vilifungwa tena, safari hii kwa ribiti, na Februari 1915 meli ikashushwa majini. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiiachie adui. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Siri ya kwanza ya chombo hicho ni lile zoezi la Papenburg: matundu ya bolti yalikutana na wenzake kabla ya safari, mbele ya watu waliokuwa na zana za kurekebisha kosa. Ni wanunuzi wachache wa majengo leo wanaodai zoezi hilo.

Uingereza ililipa gharama ya viungio vibaya kwa namna ya kutisha. Ronan Point, jengo la ghorofa 22 mashariki mwa London, lilipangwa kwa paneli za zege zilizotoka kiwandani, moja juu ya nyingine. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, miezi miwili tu tangu wapangaji waanze kuingia, gesi ililipuka katika jiko la ghorofa ya 18. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa. Ulisukuma nje paneli ya ukuta, zilizokuwa juu yake zikakosa pa kukaa, na kona nzima ikashuka hadi chini. Watu wanne walikufa. Jengo lilipobomolewa mwaka 1986, ndani ya baadhi ya viungio vilivyotakiwa kujazwa udongo wa saruji mlikutwa magazeti. Paneli zilikuwa nzima na imara. Udhaifu ulikuwa pale zilipokutana.

Nalitaja hilo kwa sababu tunaishi juu ya ardhi inayotembea. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko lenye ukubwa wa takriban 7.4 lilipiga Rukwa, na wataalamu wanalihesabu miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki kwa vyombo. Wanajiolojia waliochunguza nyanda zetu wanalihusisha na Ufa wa Kanda, unaokata Ufipa kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Desemba 2005 lilitokea jingine la 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika, likaleta vifo na uharibifu upande wa Kalemie. Septemba 2016 Bukoba ilipigwa na tetemeko la 5.9, dogo mno ukililinganisha na la 1910, na bado lilitosha kuua watu na kuzivunja shule kongwe za Ihungo na Nyakato. Kwetu la 1910 limekuwa habari ya wazee, na huo ndio muda ambao watu hujenga bila kufikiri.

Hapa jengo jepesi lina heri. Nguvu ya tetemeko juu ya jengo huongezeka kwa kadiri ya uzito wake. Ukuta wa tofali wenye unene wa sentimita 23 una uzito wa takriban kilo 400 kwa kila mita ya mraba, wakati paneli ya bati mbili zenye foamu katikati haifiki kilo 15. Ardhi ikitikisika, ukuta wa paneli una kidogo cha kukuangushia. Lakini wepesi huohuo unageuka kuwa tatizo Julai na Agosti, upepo unapovuka nyasi bila kizuizi. Upepo wa kilomita 108 kwa saa, kwa hewa ya kimo chetu, unasukuma kwa takriban kilo 45 kwa kila mita ya mraba, na kwenye kingo za paa mvuto wa kwenda juu huzidi hapo. Paa la kilo 15 haliwezi kujishikilia kwa uzito wake. Ndiyo maana naumia nikiona vyumba vya bati vimewekwa juu ya matofali manne, kila kona lake, vikisubiri bahati. Moduli, yaani chumba kizima kilichotoka kiwandani, inatakiwa kufungwa kwa bolti zilizozamishwa ndani ya zege, na zege lenyewe liwe zito vya kutosha kukataa kunyanyuliwa.

Zile kona nne nazo zina maana yake. Kontena la melini hubeba makontena mengine juu yake kwa nguzo zake nne za pembeni. Bati la mikunjo la ubavuni kazi yake ni kulizuia lisilale upande. Ukilikata upate mlango mpana na madirisha matatu, umeondoa kile kilichokuwa kinalishikilia, na bila fremu ya chuma kuzunguka kila tundu jengo litaanza kuyumba, milango itakwama, na kioo kitapasuka bila kuguswa. Uzito wote ukishukia kwenye kona nne, msingi nao hauruhusiwi kukosea. Kona moja ikizama sentimita mbili, moduli nzima inajikunja. Kwenye mbuga za udongo mweusi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, msingi wa kina cha kukisia ni kujitafutia hasara. Shimo la majaribio lichimbwe kwanza, udongo upimwe, kisha mchoro uchorwe. Watu wengi hufanya kinyume, wakingoja vyumba vifike ndipo waulize vitakaa juu ya nini.

Barabara nayo inachora jengo, hata kama mchoraji hajui. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100, kupitia mizani za Vigwaza, Makambako na Mpemba na kona za Mlima Kitonga. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu udhibiti wa uzito wa magari inaweka upana wa mita 2.65, ukizidi hapo unahitaji kibali maalumu na gari la kusindikiza. Ndiyo sababu moduli nyingi hubaki na upana wa kontena, mita 2.44. Sasa chukua darasa la mita 7 kwa 9. Unahitaji moduli tatu ubavu kwa ubavu, zinazotoa mita 7.3, na kuta zote za kati lazima ziondolewe ili mwalimu aone wanafunzi wake. Moduli ya katikati inabaki fremu mbili za chuma zilizounganishwa na mihimili ya mita 9 isiyo na ukuta wa kuisaidia. Mhimili mwembamba kwa urefu huo utanesa chini ya miguu ya watoto 45, na juu utalegea. Mchoraji atachagua kati ya mhimili mnene zaidi, unaokula kimo cha chumba, na nguzo ya katikati, inayokaa mbele ya macho ya mtoto. Mimi ningechagua mhimili mnene. Uchaguzi huo ufanywe na mhandisi anayejua kuwa hapa ni darasa, maana kiwanda kilichozoea kuunda vyumba vya kulala vya kambi za barabara hakitaufikiria.

Moduli tatu zinaacha mistari miwili ya kukutana juu ya paa, na mvua ya kuanzia Novemba hadi Aprili itaipata. Gundi ya kuzibia ikipigwa na jua letu hukauka na kuachia. Dawa ninayoiamini ni ya kizamani: paa la pili la mabati, lenye mwinuko na michirizi, lijengwe juu ya moduli zote na mafundi wa hapahapa, likiacha nafasi ya hewa katikati. Linaondoa maji kwenye viungio, linapunguza kelele ya mvua ambayo chini ya bati tupu humfanya mwalimu aache kufundisha, na linavuna maji. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka, linaweza kukusanya lita 60,000 na zaidi. Nguzo za paa hilo zipewe mahali pa kushika kwenye fremu tangu kiwandani. Kuja kuzichomelea baadaye ni kuunguza rangi inayozuia kutu na kuanzisha kutu pasipoonekana.

Sumbawanga iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Wanaotuuzia vyumba vya bati wamevijaribu Pwani, ambako adui ni joto, na kipozahewa ndicho kitu cha kwanza kwenye orodha yao. Juni na Julai sisi tunaamka na baridi. Kaa ndani ya duka la kontena asubuhi ya Juni uone dari linavyotoa jasho: matone yanashuka juu ya magunia ya unga, daftari la madeni linalowa, na mwenye duka anadhani paa linavuja. Paa halivuji. Ni pumzi yake mwenyewe na unyevu wa bidhaa, umekutana na chuma baridi ukawa maji. Mtu aliyetulia hutoa kama gramu 50 za mvuke kwa saa. Wanafunzi 45 wanatoa zaidi ya lita mbili kila saa, na mvuke huo unatafuta mahali pa baridi kuliko pote. Paneli ikiwa nzuri lakini nguzo za chuma zimepenya kutoka nje hadi ndani bila kuvikwa chochote, maji yatajikusanya kwenye nguzo hizohizo, ndani ya dari, juu ya nyaya, na baada ya misimu michache kutu itakuwa imekula mahali palipobeba jengo.

Kwa hiyo kinga ya baridi na muundo wa jengo haviwezi kugawanywa kwa watu wawili wasiozungumza. Nguzo zivikwe kwa nje. Upande wa ndani wa kinga uwe na karatasi ya kuzuia mvuke isiyokatika kwenye viungio. Na hewa itoke. Watu hufunga kila tundu kwa sababu ya baridi, wakabaki na chumba chenye unyevu na harufu. Matundu madogo ya chini na matundu ya juu chini ya paa hutosha kuvuta hewa bila kumpiga mtu upepo kifuani. Wafua chuma wa Ufipa waliujua mvuto huo kabla ya kiwanda chochote: malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambayo mabaki yake bado yanaonekana kwenye nyanda zetu, yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini na kuyeyusha mawe ya chuma bila mtu kushika mivuo. Elimu ya hewa inayopanda si ngeni hapa.

Nina wasiwasi zaidi na umeme. Katika nyumba ya tofali, waya ukichubuka ndani ya ukuta mara nyingi hasara ni fyuzi. Katika chumba cha chuma, waya uliochubuka unafanya kila ukuta, kitasa na ngazi kuwa waya. Nyaya zilizopitishwa kwenye matundu ya chuma yasiyovikwa mpira zinasuguliwa kilomita 1,100 za mtikisiko, na cheti cha kiwandani kinasema tu kwamba zilikuwa nzima kabla ya safari. Lazima zipimwe upya zikifika, na fundi mwenye leseni ya EWURA, kabla TANESCO hawajawasha. Kila moduli iunganishwe na jirani yake kwa waya wa shaba, zote ziende kwenye ethi moja iliyopimwa mwezi wa kiangazi, udongo unapokuwa mkavu na mbishi wa kupitisha umeme. Kila sakiti ya soketi iwe na breka inayokata umeme unapovuja. Na soketi zenyewe ziwe za pini tatu bapa tunazotumia Tanzania, maana vyumba vingi vya kutoka ng'ambo huja na soketi za kwao, na hapo ndipo watu huanza kuchomeka nyaya tupu kwa njiti ya kiberiti.

Radi, ambayo watu wa mbali hupenda kuitaja pamoja na jina la mji wetu, kwa mhandisi ni hesabu. Sanduku la chuma lililofungwa vizuri na ethi ni mahali salama kuliko nyumba ya bati juu ya tofali, kwa kuwa umeme hupita nje ya mwili wa jengo na kushuka ardhini. Likiachwa bila ethi, umeme utajitafutia njia yake, pengine kupitia bomba la maji au mguu wa mtoto mlangoni. Kwa miaka mingi Sumbawanga imepokea umeme kutoka Zambia, nje ya Gridi ya Taifa, na njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma ndiyo inayokusudiwa kutuunganisha. Tumeshazoea umeme unaopanda na kushuka. Jengo lipewe tangu mwanzo kinga ya mpando wa umeme, nafasi ya betri, na mihimili ya paa iliyohesabiwa kubeba paneli za sola, ambazo zina uzito wao na hukamata upepo.

Maji nitayapitia kwa haraka. Simtenki ya lita 5,000 ikijaa ina tani tano. Isikae juu ya moduli, ijengewe mnara wake. Bomba la maji taka linahitaji mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita, kwa hiyo sakafu lazima iinuliwe kutoka ardhini vya kutosha fundi kuingia chini yake na spana. Mabomba yanayovuka kutoka moduli hadi moduli, au kutoka jengo hadi ardhini, yawe na kipande kinachopinda, kwa sababu ya lile tetemeko. Nyuzi na vipimo viwe vya nusu inchi na robo tatu zinazopatikana madukani mjini. Bomba la kipimo kisichouzwa Sumbawanga likipasuka, choo cha shule kitafungwa hadi mtu asafiri Mbeya.

Moto sitaupitia kwa haraka. Mwaka 1994 bweni la wasichana la Shauritanga, Rombo, liliteketea na kuua wasichana zaidi ya 40. Septemba 2020 watoto wasiopungua 10 walikufa bwenini katika shule ya Byamungu, Kyerwa. Hayo hayakuwa majengo ya kiwandani, na hiyo inanizidishia hofu, kwani paneli ya foamu ya kawaida huyeyuka, huwaka na kutoa moshi mzito unaoangusha mtu kabla hajaona mwali. Pale moduli mbili zinapokutana kuna mwanya, na mwanya huo usipozibwa kwa kitu kisichoungua, moto husafiri ndani yake kutoka chumba hadi chumba bila kuonekana. Kwa bweni lolote Rukwa nisingekubali foamu. Nataka pamba ya mawe, hata kama ina uzito na bei zaidi. Nataka kila mwanya kati ya moduli uzibwe na upigwe picha kabla ya kufunikwa. Nataka milango miwili inayofunguka kwa nje, na madirisha yasiyo na nondo za kudumu. Jeshi la Zimamoto haliwezi kufika kijijini kabla ya moshi.

Kuna mahali ambapo moduli kamili isipelekwe kabisa. Ukiondoka Ntendo kushuka bonde la Ziwa Rukwa kwenda Muze, barabara inateremka ukingo wa bonde kwa kona kali, na kreni ya kunyanyua tani nane ni mgeni wa nadra huko chini. Zahanati ya Muze ijengwe kwa paneli na fremu zinazobebwa na watu wanne na kufungwa kwa bolti. Moduli tatu zinazokaa Chanji kwa raha zinaweza kukwama njiani siku mbili na kufika zimejikunja. Bondeni pia ni kwenye joto, kwa hiyo hata kinga ya ukuta si ileile. Mkoa mmoja, michoro miwili.

Yote haya yanaweza kuandikwa kwenye zabuni ya NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, bila kusubiri sheria mpya. Halmashauri idai hesabu za tetemeko na upepo zilizosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), na ramani ya nyufa kutoka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Idai zoezi la Papenburg: moduli zote za darasa moja zifungwe kiwandani mbele ya mhandisi wetu, maji yamwagwe juu ya viungio, milango ifunguliwe na kufungwa, kisha zifunguliwe na kupakiwa. Idai michoro ya nyaya na mabomba kwa Kiswahili, ibandikwe ndani ya mlango wa sanduku la umeme. Vijana wa VETA Rukwa wawepo siku ya kufunga, washike spana wenyewe, kwa sababu miaka kumi baadaye wao ndio watakaoitwa.

Kalenda ndiyo itakayobana kuliko yote. Paa la pili linatakiwa liwe limefungwa kufikia Oktoba, kabla ya mvua. Moduli zifike Julai au Agosti, barabara za vumbi zikiwa kavu. Zege la msingi linahitaji siku 28 kukomaa, kwa hiyo limwagwe Mei au mwanzoni mwa Juni. Kiwanda kinahitaji miezi kadhaa ya kuunda. Ukihesabu kurudi nyuma, kikao cha kwanza cha mhandisi wa halmashauri na mchoraji wa kiwanda kinaangukia Januari, nacho kifanyike kiwanjani kwenyewe, wakati mvua inanyesha na mchoraji anaweza kuona kwa macho yake maji ya Chanji yanapita wapi.